Baba Alizikwa Mwaka wa Arobaini na Nne

Baba yangu ana kaburi Chwele, kule Bungoma, na bado anakula ugali. Ana miaka mia moja na moja. Naishi naye Kitale, nyuma ya kinu changu cha kusaga mahindi, kwenye barabara ya kwenda Kipsongo. Kila asubuhi namnywesha chai kabla sijawasha mashine, kwa sababu mashine ikishawaka hakuna anayesikia kitu. Yeye hata kabla ya hapo hasikii vizuri. Sikio lake la kushoto lilikufa baharini mwaka wa 1944. Ukitaka kumwambia jambo, unakaa upande wa kulia.

Jina lake ni Mukhwana, yaani pacha aliyetangulia kutoka. Aliyemfuata aliitwa Mulongo. Mulongo alikufa mwaka wa 1988 na baba hakwenda kumzika. Tangu 1946 hakuwa ametia mguu katika boma lao. Sisi watoto wake wa Kitale tulikua tukiijua sababu, maana alitusimulia kila Jumapili baada ya kanisa, mama yetu Dinah akichambua maharagwe, sisi tumekaa barazani na miguu imefunikwa na vumbi. Dinah amekwisha kufa. Ningetoa mashine yangu ya kusaga nipate Jumapili moja ya namna ile.

Baba alikuwa keya, yaani askari Mwafrika wa jeshi la Mwingereza, kikosi cha mizinga. Waliondoka Kilindini mwezi wa pili, meli tano na manowari za kuzilinda, kwenda kisiwa cha Seloni na kisha Burma kupigana na Mjapani. Jumamosi moja mchana, karibu wafike, baba alikuwa juu ya meli akisugua masufuria ya jikoni. Ilikuwa adhabu ya kumjibu sajini vibaya. Wenzake waliokuwa na tabia nzuri walikuwa chini kivulini, wanaimba. Nyambizi ya Mjapani ikaipiga meli yao. Baba husema hakumaliza kusugua sufuria alilokuwa nalo mkononi, meli ikawa imekwisha kuzama.

"Na zile nne nyingine?" tulimuuliza kila Jumapili, ingawa tulijua.

"Zilitawanyika. Kila moja njia yake, moto wote. Hakuna iliyosimama."

"Waliwaacha?"

"Walituacha. Na ndiyo maana zilifika. Ingesimama moja kutuokota, Mjapani angepata ya pili. Bahari ya vita haina kusimama."

Halafu manowari mbili zilirudi. Nyambizi ilikuwa imejificha chini kabisa ya watu waliokuwa wanaogelea, kwa hiyo manowari zikarusha mabomu ya maji pale pale. Baba alimwona baharia mmoja Mzungu amepanda juu ya mbao, amelala chali, tumbo lake liko nje ya maji. Hakumwelewa lugha lakini alimwelewa mwili. Akapata benchi, akalala chali juu yake. Bomu lilipopasuka, walioning'inia wima majini walipigwa tumboni na maji yenyewe, wakafa bila jeraha. Baba alitoka damu masikioni tu. Ndiyo maana mimi nipo.

Walimpumzisha Seloni, wakampa vyombo vingine, wakampeleka Burma kama ilivyokuwa imepangwa. Huko ilinyesha miezi mitano. Chakula kilitupwa kutoka angani. Kila siku walipewa kidonge cha njano cha malaria, na wengi walikitema kwa siri kwa sababu ilisemekana kinaua nguvu za kiume. Baba alikimeza mbele ya sajini na kufungua mdomo aonekane.

"Nilijiambia, nguvu za kiume za maiti ni za nini?" alisema, na Dinah akamrushia ganda la maharagwe.

Sehemu ya nyumbani aliisimulia kwa maneno machache. Chifu alikuja Chwele na barua: meli imezama, kijana haonekani. Barua ya pili, ya kusema ameonekana, ilikwama mahali mpaka vita vikaisha. Babu alingoja miezi minne. Kwetu mtu aliyepotea majini haachwi hivyo hivyo, roho yake itarudi kusumbua watoto. Mwili ukikosekana, hukatwa shina la mgomba lenye urefu wa mtu, likavishwa blanketi, likaliliwa na kuzikwa. Walimzika baba mwezi wa sita. Baada ya mavuno, mke ambaye baba alimwacha nyumbani, Nabwile, akapewa Mulongo ili alizalie jina la marehemu. Ndivyo ilivyokuwa ikifanywa.

Mwaka wa 1946 marehemu akatokea langoni amevaa kaki na buti, na sanduku la bati begani. Mama yake alipiga yowe akaanguka. Babu akalaza fimbo yake kukata njia ya lango.

"Usiingie hapo. Wewe ulishatoka kwa lango hili ukiwa maiti. Ngoja tutoboe ua huko nyuma, uingizwe kama mtoto aliyezaliwa leo."

Katika ukoo wetu hakuna njia nyingine. Aliyezikwa akarudi, hutobolewa shimo uani, huchinjiwa kondoo na kupakwa majani ya tumboni mwake, hubebwa na kunyweshwa maziwa na wanawake wa boma, na hasemi neno mpaka ayameze. Baba alikuwa na miaka ishirini na tatu na alikuwa ametoka kumfukuza Mjapani. Alitazama juu ya fimbo ya babu, akamwona Nabwile mlangoni pa jiko na mtoto mgongoni. Akageuka. Alitembea siku mbili hadi Kitale, akaandikwa kazi kwa mlowezi, na baadaye akapata shamba na Dinah. Alifanya kama zile meli nne. Kwa miaka mingi nilidhani huo ulikuwa ujasiri.

Mwezi wa tatu mwaka huu simu ililia nikiwa nabadilisha mkanda wa mashine. Alikuwa Ivy, mjukuu wa Jotham. Jotham ndiye yule mtoto wa mgongoni. Siku hizi ana miaka sabini na tisa, amestaafu kiwanda cha karatasi cha Webuye.

"Uncle Hesbon, Kukhu amekataa chakula. Siku ya nne sasa. Daktari alikuja, ati ni uzee tu, hatamaliza wiki." Kukhu ni nyanya, na hapo alimaanisha Nabwile. "Anasema hataenda kabla hajaona askari. Tulidhani anaota. Sasa anasema jina. Si umwambie Kuka akuje?" Kuka ni babu, yaani baba yangu.

Nikazima mashine. Nikakaa upande wa kulia wa baba, nikamwambia yote.

Akasema, "Mimi siingii kwa shimo kama panya."

"Basi atakufa bila kukuona."

"Nilisema siingii. Nilimkatalia baba yangu, na baba yangu alikuwa mkubwa kuliko wewe."

"Hutaki kumwona?"

"Nani amesema sitaki?"

Macho yake yalikuwa yamelowa lakini kidevu kilikuwa juu. Nilipandwa na hasira. Mimi si mtu wa maneno laini, na shule niliiacha darasa la saba kabla hawajanifundisha.

"Baba, kila asubuhi nakubeba kwenda choo. Nakuosha. Nakulisha na kijiko. Unaogopa kuingizwa kama mtoto, na wewe ni mtoto wangu tangu mwaka juzi!"

Nilijuta kabla sijafunga mdomo. Baba alitazama mikono yake, akaigeuza upande huu na huu kama ya mtu mwingine.

"Tafuta gari," akasema.

Nasir ana duka la vipuri karibu na msikiti, na pikapu nzuri. Hakuuliza maswali. Alitia godoro mbele kwenye kiti, tukamfunga baba kwa shuka ili asianguke kwenye matuta, mimi nikapanda nyuma na kondoo. Tulipita Kiminini, tukapita Kamukuywa, tukakata kwenda Kimilili. Kupitia kile kidirisha cha nyuma niliwasikia wakipigiana kelele.

"Mzee, huyu kondoo ni wa harusi?"

"Wa kuzaliwa!"

"Nani amezaa?"

"Bado! Endesha!"

Elgon ilikuwa wazi siku hiyo, mpaka mashamba ya juu ya Cheptais yakaonekana. Baba alitaja vilima kimoja kimoja. Alitaja mto Kuywa, alikojifunza kuogelea na Mulongo, na akataka tusimame. Nasir akasimama. Baba akatazama maji dakika nzima, akasema yamepungua, tukaenda.

Jotham alitungoja langoni. Ni mtu mrefu, mkavu, na nilipomwona amesimama vile nilimwona baba yangu wa zamani, ingawa damu yao ilipitia kwa pacha. Nyuma yake hakukuwa na ua. Kulikuwa na ukuta wa mawe, mrefu kunizidi, umezunguka boma lote.

"Karibuni," akasema. "Lakini shimo hakuna."

"Jotham, tulisema kwa simu."

"Mulisema ua. Mimi sina ua, bana. Hii ukuta nilijenga miaka nane nikitoka Webuye, jiwe kwa jiwe. Kiinua mgongo changu yote iko hapa. Sasa nibomoe kwa sababu ya mtu mwenye alipita hapa mara moja akakataa hata kusema jambo?"

"Mama yako anakufa ndani hapo."

"Najua mahali mama yangu ako." Akanipita, akaenda kwenye mlango wa pikapu, upande wa kushoto.

"Upande ule mwingine," nikamwambia. "Huku hasikii."

Akazunguka, Nasir akashuka kumpisha. Akatoa kitambulisho chake mfukoni, akakiweka mbele ya macho ya baba.

"Soma."

"Sina miwani."

"Basi nitakusomea. Jotham Mukhwana. Si Jotham Mulongo. Mukhwana! Nilizaliwa kwa jina la maiti, sawa. Maiti akarudi, akaniona, akaenda zake. Shuleni waliniita mtoto wa mgomba. Mulongo alinilea, lakini kila nikikosea ananiambia, ngoja baba yako atoke kwa shimo. Miaka sabini na tisa, mzee. Kabla nivunje ukuta yangu, uniambie mimi ni nani."

Nasir alijifanya anakagua gurudumu. Wanawake walikuwa wamekusanyika upande wa ndani wa lango, na Fridah, mke wa Jotham, ameshika kibuyu cha maziwa. Ivy akatoka mbio nyumbani akasimama, akatikisa kichwa kutuambia tufanye haraka.

Baba alimgeukia Jotham.

"Ulikuwa unatafuna muhindi," akasema.

"Nini?"

"Siku ile. Mgongoni mwake. Ulikuwa na muhindi wa kuchoma, umepaka kichwa chote cha mama yako. Kilomita zote mpaka Kitale nilitafuta sababu ya kukuchukia wewe. Nilipata ya Mulongo, nikapata ya baba yangu, nikapata ya yule chifu. Yako sikuipata." Akakohoa. "Nilipaswa kurudi nikwambie. Nilikuwa na kiburi, halafu nikawa na aibu, halafu nikawa mzee. Wewe ni mtoto wangu. Wa kwanza. Ulizaliwa kwa jina langu nikiwa hai, hata kama hao hawakujua."

Hivyo tu, nikiwa nimeshika kamba ya kondoo, nikaacha kuwa kifungua mimba. Nina miaka hamsini na sita. Sitadanganya, niliumia. Nilikuwa nimembeba mzee huyu mgongoni, na neno hilo nilikuwa nalihesabu kuwa langu. Lakini nilipomtazama Jotham akirudisha kitambulisho mfukoni, akikosa mfuko mara mbili, neno hilo nikamwachia yeye.

Jotham alivua koti lake akampa Ivy. Akachukua nyundo kubwa kutoka ghalani, akatuongoza nyuma ya boma, akapiga ukuta wake mwenyewe. Mara tatu. Mara ya nne Nasir akamnyang'anya.

"Wazee wote wawili watanifia leo! Toa hapa!"

Tulipokezana mimi na Nasir mpaka likatokea pengo la kupita mtu aliyeinama. Kondoo akachinjwa hapo hapo. Jotham ndiye aliyempaka baba, kifuani na kwenye paji la uso, taratibu, kama mtu anayepaka rangi dirisha. Baba alifumba macho. Harufu ya majani ya tumboni ilijaa hewani. Kisha wanawake wakanyoosha mikono kupitia pengo, mimi na Nasir tukampitisha kwao.

"Katoto kazito, aki!" akasema Fridah, na wote wakacheka.

Baba alifungua mdomo kumjibu. Namjua, alikuwa na jibu zuri. Jotham akaweka kidole midomoni, na baba akafunga. Hiyo ndiyo amri pekee niliyowahi kumwona akitii mara moja.

Walimkalisha kwenye kiti kando ya kitanda cha Nabwile. Alikuwa mdogo mno chini ya lile blanketi, macho tu ndiyo makubwa. Fridah akamnywesha baba maziwa, na mengine yakamwagika kidevuni.

"Huyu ni nani?" Nabwile akauliza.

"Ni mtoto, Kukhu. Amezaliwa sasa hivi," akasema Ivy.

"Mbona amezeeka haraka?"

Baba akameza. "Nabwile."

"Umechelewa."

"Nilikuwa Burma."

"Burma iliisha. Tulisikia hapa kwamba iliisha. Mpaka leo ulikuwa unapigana na nani?"

Swali hilo baba hakulisikia lote, kwa sababu Nabwile alikuwa upande wake wa kushoto. Tukainua kiti na yeye juu yake, tukakihamishia upande wa pili, na Nabwile akarudia swali lote bila kupunguza neno. Baba akatazama chini.

"Nilidhani hukungoja hata mwezi," akasema.

"Nilingoja mpaka wakanikataza kungoja. Wewe hujui kitu." Alivuta pumzi, akapumzika, akaendelea. "Baba yako alikuwa na haraka siku ya kukuzika. Badala ya kukata shina, waliling'oa pamoja na mzizi. Watu wazima, wakulima, walizika mgomba na mzizi wake! Mvua za Aprili zilipokuja, kaburi likachipuka. Nilikwenda kwa baba yako. Nikamwambia, mtu wako hajafa, huyu anaota. Aliniambia ninyamaze, tumbo langu lina mtoto wa Mulongo, nataka kuwaletea laana gani? Nikanyamaza. Lakini nilipalilia. Kila msimu. Wakasema Nabwile amerukwa na akili, anapalilia maiti. Ndizi zake hakuna aliyekula. Mimi nilikula."

Jotham alikuwa ameegemea mlango, vumbi la mawe kichwani. Nadhani naye alikuwa analisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza.

"Kwa nini hukuniambia pale langoni?" baba akauliza.

"Ulinipa nafasi? Uligeuka kama umepigiwa filimbi. Nilitoka jikoni nikakimbia mpaka barabarani na huyu mgongoni. Nilikuita. Nilikuita upande gani, mimi sijui."

Baba alishika sikio lake la kushoto. Hakulia. Alilishika tu, kama mtu anayekagua kama bado lipo.

"Njaa inaniuma," akasema baadaye. "Watoto wachanga hawalishwi katika boma hili?"

Fridah akaleta uji, bakuli mbili. Nabwile akageuza uso ukutani.

"Kula," baba akamwambia.

"Usiniamrishe. Mimi si keya wako."

"Kula, Nabwile. Tafadhali."

"Nitakula kama utanieleza ile maji ilikuwa namna gani. Wengine wote walisikia hiyo hadithi. Hata ng'ombe wa Kitale wamesikia. Mimi hapana."

Baba akaanza. Meli tano, Kilindini, mwezi wa pili. Ivy akachovya kijiko, na kila baba alipovuta pumzi Nabwile alifungua mdomo akameza. Nilitoka nje. Jotham alikuwa anapanga mawe yaliyoanguka kando ya pengo, makubwa huku, madogo kule.

"Utaziba lini?" nikamuuliza.

"Sijui. Hawa watu wawili wakimaliza kuongea." Akajifuta jasho. "Uniletee dawa zake zote. Na unieleze anapenda chai namna gani."

Nilimweleza. Maziwa mengi, sukari mbili, isiwe moto sana. Choo asubuhi, kabla ya saa moja. Nilitaja kila kitu mara mbili, na Jotham hakuchoka kusikiliza.

Kufika saa kumi Nasir alianza kupiga honi. Niliingia kumwambia baba kwamba anabaki, na nitamfuata Jumapili. Nilijiweka kulia, nikasema kwa sauti, lakini hakugeuka. Walikuwa wamefika Burma, mvua ilikuwa inanyesha, na Nabwile alikuwa anamkatiza kila sentensi, anataka kujua walikuwa wanakausha wapi nguo.